SOMO LA TAWI: JE, MAREHEMU ALIJUA ALIFANYALO?
Kupinga wasia wa jamaa aliyekuwa mgonjwa au mwenye akili iliyosumbuka



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano wa tawi, kisha lijadiliwe. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Linawahusu wakata miwa, wachuma chai, watu wa kiwandani na walio bado katika nyumba za laini huku familia zao zikiwa mbali.

Mfanyakazi hana mali nyingi. Ana kibanja alichonunua kwa mshahara wa miaka mingi, nyumba ya mabati, ng'ombe wawili, akiba yake ya NSSF, pengine na hisa katika chama cha akiba na mikopo. Lakini mali hiyo kidogo ndiyo inayowalisha watoto. Siku akifa, ndipo hutokea karatasi. Siku ya kuvunja matanga jamaa mmoja husimama mbele ya ukoo na kusema, "Mzee aliacha wasia." Karatasi husomwa, na mjane husikia kwamba kibanja kimepewa mtu mwingine. Akitazama tarehe, huona ni siku ile mzee alipokuwa amelazwa hospitalini, hajui hata jina lake.

Hapo swali huzuka: je, mgonjwa yule aliweza kuandika wasia? Liko na swali la upande wa pili, nalo ni zito vile vile: je, ni haki kuukataa wasia wa mtu kwa sababu tu aliwahi kuugua akili? Leo tutajibu yote mawili, kwa sheria ya Uganda. Ndugu zetu waliotoka Kongo, Rwanda au Burundi wajue pia kwamba ardhi iliyoko Uganda hurithiwa kwa sheria ya Uganda, hata kama mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya mpaka.

1. SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Urithi ya Uganda inamruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wasia. Kisha inaeleza maneno manne ambayo yafaa tuyashike vizuri.

Kwanza, kiziwi, bubu au kipofu hakatazwi, mradi aelewe analofanya. Pili, mtu ambaye kwa kawaida ana wazimu anaweza kuandika wasia katika kipindi ambacho akili yake imetulia. Tatu, mtu hawezi kuandika wasia akiwa katika hali ya kutojua alifanyalo, ikiwa hali hiyo imeletwa na ulevi, ugonjwa au sababu nyingine yoyote. Nne, wasia uliopatikana kwa hila, kwa kulazimisha, au kwa kumsumbua mtu mpaka akakosa hiari yake, hauna nguvu.

Tazameni vizuri neno la pili na la tatu. Sheria haiulizi, "Je, alikuwa mgonjwa?" Wala haiulizi, "Je, watu walimwita kichaa?" Inauliza juu ya saa ile alipotia sahihi au kidole. Mtu aliyelazwa Butabika mwaka juzi anaweza kuandika wasia mzuri leo. Na mtu ambaye hajaugua akili hata siku moja anaweza kuwa hana uwezo kwa siku tatu tu, kwa sababu ya malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, au chupa ya waragi.

Basi funzo kubwa la leo ni hili: kesi ya namna hii ni kesi ya siku moja. Anayetaka kushinda atafute habari za siku ile.

2. KESI YA JOHN BANKS

Korti zetu zilirithi mambo mengi kutoka sheria ya Kiingereza, na katika jambo hili majaji mpaka leo hurejea kesi moja ya mwaka 1870. Tuieleze, maana inafundisha kuliko maneno matupu.

Katika mji wa Keswick, kaskazini ya Uingereza, aliishi mtu mmoja aitwaye John Banks. Alikuwa na nyumba ndogo 15 alizozipangisha. Mwaka 1841 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipotoka hakupona kabisa. Aliamini kwamba mtu mmoja, Featherstone Alexander, anamfuata na kumtesa, ingawa mtu huyo alikuwa amekwisha kufa. Aliamini pia kwamba pepo wabaya wanamwandama, na kwamba anawaona kwa macho.

Mwaka 1863 Banks aliandika wasia. Mali yake alimwachia binti wa ndugu yake, Margaret Goodfellow, aliyekuwa akiishi naye. Banks akafa mwaka 1865. Binti naye akafa baada ya muda mfupi, na mali ikaelekea kwa jamaa wa upande wa binti ambao hawakuwa damu moja na Banks. Ndipo mtu wa ukoo wa Banks akaenda kortini kusema: wasia huu ni bure, mwenyewe alikuwa na wazimu.

Kabla ya hapo walikuwako majaji waliosema kwamba akili ni kitu kimoja, ikioza upande mmoja imeoza yote. Mwaka 1870 Jaji Cockburn na wenzake walilikataa wazo hilo. Walisema wazimu wa Banks ulikuwa wa kweli, lakini haukugusa wasia. Yule maiti aliyemwogopa na wale pepo hawakuwa na uhusiano wowote na kumpenda binti aliyemtunza. Wasia ukasimama.

Katika hukumu hiyo yalitoka mambo manne ambayo hakimu huyatazama hadi leo. Mtu anayeandika wasia lazima:

(a) ajue kwamba anaandika wasia, na kwamba wasia ni kugawa mali yake baada ya kufa;

(b) ajue, kwa jumla, mali aliyo nayo;

(c) awakumbuke watu wanaostahili kufikiriwa, yaani mke, watoto na wanaomtegemea, hata kama mwishowe ataamua kutowapa;

(d) asiwe na ugonjwa wa akili unaomgeuza moyo dhidi ya watu wake na kumfanya agawe mali kwa namna ambayo asingeigawa kama angekuwa mzima.

Hatakiwi kujua kila shilingi, wala kutaja namba ya hati ya kiwanja. Wala hatakiwi kuwa mwenye haki. Mzee mkorofi anayemnyima mwanawe kwa sababu ya chuki ya kawaida si mwenda wazimu. Lakini mzee aliyemnyima mwanawe kwa sababu ugonjwa umemwaminisha kwamba mwana huyo humtilia sumu kila usiku, huyo wasia wake una shaka kubwa.

3. TUPIME MIFANO MIWILI

Mifano hii tumeitunga kwa ajili ya kujifunza.

Mfano wa kwanza. Mchuma chai mwenye watoto watano alilazwa kwa homa kali. Siku ya pili alitetemeka mwili, akapewa dripu, akawa anaita watu waliokufa zamani. Siku hiyo hiyo ndugu yake alikuja na karatasi iliyokwisha pigwa taipu. Mgonjwa akashikwa mkono, kidole kikatiwa wino. Karatasi inasema kibanja ni cha ndugu. Watoto hawatajwi hata kwa neno moja. Mgonjwa akafa siku ya nne.

Pimeni kwa mambo manne. Alijua ni wasia? Daftari la hospitali linasema hakujibu alipoitwa. Alikumbuka watoto watano? Karatasi haiwajui. Tena aliyeleta karatasi ndiye anayenufaika, na hilo pekee humfanya hakimu afungue macho na kutaka maelezo zaidi. Wasia huu una kila dalili ya kuanguka.

Mfano wa pili. Fundi wa kiwanda cha sukari aliwahi kuugua akili, akatibiwa, akarudi kazini, akawa anakunywa dawa zake. Miaka mitatu baadaye aliandika wasia. Alitaja nyumba, ng'ombe, akiba yake. Aliwataja wana wake wawili wa kiume na kusema kwamba alikwisha wanunulia viwanja wakati wa uhai wake. Mke wake alikwisha fariki, na nyumba alimpa binti yake aliyemuuguza. Mashahidi wawili walimwona akitia sahihi. Baada ya kifo wana wakasema, "Baba alikuwa kichaa, kila mtu anajua."

Hapo ndugu zangu, wana hao watashindwa, na ni haki washindwe. Kila mtu anajua nini? Anajua kwamba aliugua. Lakini siku ya wasia alijua mali, alijua watoto, na alitoa sababu yenye akili.

Tusiligeuze neno "kichaa" kuwa panga la kumnyang'anya mtu sauti yake. Mwenzetu aliyeugua akili amekwisha kutengwa vya kutosha kazini na kijijini. Hata maumivu ya kansa yasichukuliwe kuwa ni kupoteza akili. Hapa Uganda wagonjwa wengi wa kansa hunywa mofini ya maji nyumbani, na wapo wanaoongea na kupanga mambo yao vizuri kabisa. Swali hubaki lile lile: alikunywa kiasi gani, saa ngapi, na alikuwaje alipotia sahihi?

4. TUSICHANGANYE MALALAMIKO MATATU

Watu wengi hufika kwa wakili wakasema yote kwa pamoja: alikuwa mgonjwa, alilazimishwa, na sahihi si yake. Haya ni malalamiko matatu, na kila moja lina ushahidi wake.

"Hakujua alifanyalo." Hapa ushahidi ni wa daktari, wauguzi, na watu waliozungumza naye siku ile.

"Alijua, lakini alilazimishwa." Hapa ushahidi ni juu ya nani alimfungia wageni mlango, nani alishika chakula na dawa zake, nani alimtisha.

"Si yeye aliyetia sahihi." Hapa ushahidi ni wa sahihi zake nyingine: kwenye karatasi za mshahara, fomu za mkopo, kadi ya chama.

Ukisema alikuwa hajitambui kabisa, kisha ukasema alikataa kwa nguvu wakamlazimisha, wakili wa upande wa pili atakuuliza lipi ni kweli. Jua lako kabla ya kuingia kortini.

5. NANI ANAPASWA KUTHIBITISHA

Anayeuleta wasia ndiye wa kwanza kuonyesha kwamba uliandikwa ipasavyo: una sahihi au alama ya mwenyewe, na mashahidi wasiopungua wawili. Wasia ukionekana umekamilika na hauna jambo la kushangaza ndani yake, korti huanza kwa kuchukulia kwamba mwenyewe alikuwa na akili zake. Hapo anayepinga ndiye anayepaswa kuleta ushahidi wa kutia shaka. Shaka ikiwa ya kweli, mzigo humrudia yule mwenye karatasi aiondoe.

Maana yake ni kwamba kilio peke yake hakitoshi. Lete kitu.

6. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: usichane karatasi wala usipigane. Kuuficha au kuuharibu wasia kwa hila ni kosa. Omba nakala. Andika tarehe, majina ya mashahidi, na nani alikuja nao.

Hatua ya pili: usitie kidole kwenye karatasi yoyote ya "kukubali" kabla ya kusomewa na mtu unayemwamini.

Hatua ya tatu: nenda kortini mapema ukaweke kaveati. Kaveati ni zuio la maandishi. Linaiambia korti isitoe idhini ya kusimamia mali, ile watu wanayoiita probeti, bila wewe kuitwa na kusikilizwa. Ikiwa idhini imekwisha tolewa, mlango haujafungwa. Unaweza kuomba ifutwe kwa sababu za haki, lakini kazi huwa ngumu zaidi, na pengine kibanja kimekwisha uzwa. Toa taarifa pia kwa Ofisi ya Administreta Jenerali, ofisi ya serikali inayoangalia mali za marehemu.

Hatua ya nne: usihame. Nyumba aliyokuwa akikaa marehemu na familia yake inalindwa na sheria. Kumfukuza mjane au watoto ndani yake ni kosa la jinai, hata kama anayewafukuza ana karatasi mkononi. Vile vile kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa.

Hatua ya tano: kusanya ushahidi wa siku ile. Hili ndilo jambo ambalo sisi wafanyakazi tunaweza kulifanya vizuri kuliko matajiri, kwa sababu maisha yetu yamejaa madaftari. Tafuteni:

– kitabu cha matibabu cha mgonjwa. Wengi wetu hutembea na daftari la shule ambamo daktari huandika. Msilitupe baada ya mazishi;

– kumbukumbu za hospitali au za zahanati ya shamba. Wakikataa kukupa, wakili aombe korti iamuru ziletwe;

– daftari la mahudhurio kazini. Kama wasia unasema uliandikwa kijijini Jumanne, na daftari linaonyesha Jumanne hiyo alikuwa zamu ya usiku kiwandani, hilo ni jambo kubwa. Na kama wanadai alikuwa hana akili mwezi mzima, lakini mizani inaonyesha alipima chai yake kila siku na kubishana juu ya kilo zake, hilo nalo lisemwe;

– watu: mgonjwa wa kitanda cha jirani, muuguzi wa zamu, aliyemletea uji.

Hatua ya sita: wafundisheni mashahidi kusema walichokiona, si walichokiwaza. Shahidi akisema, "Alikuwa kichaa," hakimu hapati kitu. Akisema, "Saa nne asubuhi nilimpelekea uji, akaniita kwa jina la mama yake aliyekufa, akauliza kama mvua ya vita imekwisha," hakimu anaona mwenyewe. Wala tusimfundishe mtu kusema uongo. Uongo mmoja ukifichuka huua na ukweli uliobaki.

Hatua ya saba: tafuta msaada wa sheria. Chama cha Wanasheria Wanawake, FIDA Uganda, husaidia wanawake wasio na fedha. Mwenyekiti wa LC na wazee wa ukoo wanaweza kusuluhisha na kuandika barua ya kukutambulisha, lakini hawana mamlaka ya kuamua kwamba wasia ni halali au si halali. Hiyo ni kazi ya korti.

7. PIGA HESABU KABLA YA KUPINGA

Wengine hupinga wasia bila kujiuliza: ukianguka, kitafuata nini? Kama kuna wasia wa zamani ulio mzuri, huo huweza kurudi. Kama hakuna, mali hugawanywa kwa sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, marehemu akiacha mume au mke, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mgawanyo ni huu: watoto asilimia 75, mume au mke asilimia 20, wategemezi asilimia 4, mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba ya kukaa haiingii katika hesabu hii.

Tuseme mali nje ya nyumba ni shilingi 20,000,000. Watoto watapata 15,000,000, mjane 4,000,000, wategemezi 800,000, na mrithi wa kimila 200,000. Kama wasia ulikupa zaidi ya hapo, unaupinga kwa faida ya nani? Hesabu na nauli, siku za kazi zitakazopotea, na miaka kesi itakayochukua.

Upo pia mlango mwingine. Ikiwa marehemu alikuwa na akili zake kamili, lakini aliwaacha mke, watoto au wategemezi bila riziki ya kutosha, wanaweza kuiomba korti iwapatie matunzo kutoka katika mali hiyo. Ombi hilo lina muda: miezi sita tangu idhini ya kusimamia mali ilipotolewa. Hapo hakuna haja ya kumwita marehemu mwenda wazimu.

8. WASIA USIOTIKISWA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Njia bora ya kumaliza kesi hizi ni kuandika wasia ungali mzima.

Andika mapema, usingoje dripu. Taja mali zako. Taja watoto wako wote, hata usiowapa, na useme kwa nini. Tia sahihi kila ukurasa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao. Aliyepewa kitu katika wasia asiwe shahidi, wala mumewe au mkewe, maana anaweza kukikosa alichopewa. Kama hujui kusoma, usomewe kwa lugha unayoielewa, na iandikwe hivyo kwamba ulisomewa ukaelewa. Kama wewe ni mgonjwa au mzee sana, au uliwahi kuugua akili, mwombe daktari akupime siku hiyo hiyo na aandike barua. Barua hiyo itakutetea wakati huna tena mdomo wa kujitetea.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Mwenzetu hunywa pombe kila jioni. Aliandika wasia saa tatu asubuhi, akiwa hajaonja kitu. Je, ulevi wake unatosha kuuangusha? Mngeuliza nini zaidi?

2. Mama mzee husahau siku na majina ya majirani, lakini anajua watoto wake wote, kibanja chake na mipaka yake. Mpimeni kwa mambo manne ya kesi ya Banks.

3. Katika shamba au kiwanda chenu, ni madaftari gani yanayoweza kuonyesha mtu alikuwa wapi na katika hali gani siku fulani? Nani anayatunza, na kwa miaka mingapi?

4. Ni wanachama wangapi wa tawi hili wamekwisha andika wasia? Katibu wa tawi ahesabu mikono, asiulize majina wala mali.

Katika mkutano unaofuata kila mwanachama aje na orodha ya mali yake kwenye karatasi moja, ndani ya bahasha iliyofungwa. Haitafunguliwa. Ni mwanzo wa kazi tu.